Saa Tano na Robo

Tiketi yetu imeandikwa saa tano na robo,
si tano kamili, wala si na nusu:
mfalme wa Misri hapokei wageni
ila kwa makundi ya arobaini.
Nje, Winnipeg, baridi imeng'ata hadi chuma.
Zenia analamba theluji kwenye glavu
na kuniuliza kama maiti naye kaja.
"Hakuja," namwambia. "Kaleta mizigo tu."

Tunavua makoti. Rundo la makoti pale mapokezi
ni kubwa kuliko kaburi lolote nitakaloliona leo.
Tunapewa vidude vya masikioni,
na sauti ya mwanamume aliyelala vyema
inatuelekeza wapi tusimame, wapi tushangae.

Sikushangaa.
Pengine ni umri. Dhahabu nayo ikizidi
ni kama chumvi, ulimi unakufa.
Kisu, kidani, kiti kidogo cha mtoto,
vyote vimemulikwa kutoka chini
kama nyama buchani.
Bi Pawlyshyn wa kanisani kwetu
alipiga ishara ya msalaba mbele ya mbwa mweusi,
akaona haya, akajifanya anajikuna shingo.

Halafu viatu.

Nimeshona viatu miaka thelathini na minane
chini ya ngazi, Mtaa wa Selkirk,
Orest soli, mimi ngozi ya juu.
Mteja akiingia nilimtazama miguu kabla ya uso:
huyu anakanyaga upande, huyu anaburura,
na yule aliyesimama kiwandani usiku kucha
akaja kusema viatu ndivyo vilivyochoka.

Nikainamia kioo.
Ndara za dhahabu, bati jembamba,
na kila kidole kimetengenezewa kofia yake.
Sauti sikioni: *kwa safari ya milele.*
Nikacheka. Zenia akanivuta sketi.
Safari gani? Hizi hazifiki mlangoni.
Hazikunjiki. Hatua ya pili zingekatika
hapa, kwenye mbonyeo wa wayo.
Aijuaye adhabu ya kiatu ni mguu,
na mguu haujapita humu.
Fundi wake alijua, fundi hujua:
aliagizwa viatu, akafua picha ya viatu,
akapokea mkate wake, akanyamaza.

Lakini pembeni, karibu na mlango wa kutokea,
ambako watu wanaharakia duka la zawadi,
kuna jozi nyingine. Mafunjo na nyasi.
Taa hafifu, foleni hakuna.
Kisigino cha kushoto kimelika upande wa nje,
na pale kamba inapopenya kati ya vidole
mtu ameshona upya, kwa uzi usiofanana,
mishono minne, na wa tano umerudiwa.

Kwa hiyo alitembea, mtoto huyu. Alichechemea kidogo.
Kwa hiyo kulikuwa na mtu, jioni fulani,
kiatu kidogo mapajani, uzi mdomoni,
sindano imemchoma, naye akasema kwa lugha yao
neno lile lile la Orest
ambalo siwezi kuliandika hapa.

"Mama, rudi nyuma kidogo, tafadhali."
Mlinzi. Pumzi yangu ilikuwa imeacha
duara la ukungu juu ya kioo.

Orest tulimzika mwezi wa kumi na moja,
na viatu vya kanisani, vipya, vigumu kama ubao;
binti yangu alitaka apendeze.
Nilimfunga kamba mwenyewe. Sikusema kitu.
Vile vya kazini viko bado nyuma ya mlango,
ulimi wa kimoja umelala upande.

Zenia alinunua mende wa plastiki, wa buluu.
Kwenye basi akasinzia, miguu juu ya magoti yangu,
buti zikinidondoshea maji ya theluji.
Nikaigeuza ya kushoto kwenye mwanga wa dirisha,
nikapitisha kidole gumba ukingoni.

"Unakanyaga upande," nikasema.
"Nani?" akauliza, macho amefumba.
"Wewe."